Mali bila Daftari: Kitabu cha Marejeo, Waimbaji wa Injili na Uzembe wa Uhakiki

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ina harufu ya duka na ghala, lakini inawahusu wahakiki wa fasihi kuliko wanavyopenda kukiri. Katika idara za fasihi na Kiswahili za Afrika Mashariki pamezoeleka mgawanyo wa kazi ambao haujahojiwa vya kutosha: mhakiki hufasiri, mkutubi huorodhesha. Kitabu cha marejeo, kiwe kamusi ya wasifu wa waimbaji, faharasa ya nyimbo au orodha ya rekodi, huhesabiwa kuwa kazi ya karani. Mwanafunzi wa uzamili akipendekeza kukitunga, aghalabu huulizwa nadharia yake iko wapi.

Makala haya yanaupinga mgawanyo huo kwa kutumia mfano wa nyimbo za Injili. Yanadai mambo matatu. Kwanza, kitabu cha marejeo ni uhakiki, kwa sababu kila anayeamua nani aingizwe na nani aachwe ametoa hukumu. Pili, kukosekana kwa kamusi ya watunzi na waimbaji wa Injili wa Afrika Mashariki kumewazoesha wahakiki kuusoma wimbo kana kwamba haukutungwa na mtu. Tatu, kamusi hiyo itakapoandikwa, thamani yake haitapimwa kwa nyota wa Nairobi na Dar es Salaam, ambao magazeti yamekwisha kuwaandika, bali kwa mahali kama Eliye Springs.

Eliye Springs iko kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Turkana, zaidi ya kilomita 50 kutoka mji wa Lodwar. Ni mahali pa chemchemi, mikoma na wavuvi. Hapakuteuliwa hapa kwa sababu ya uzuri wa mandhari. Pameteuliwa kwa sababu watu wake huimba nyimbo za Kikristo kwa Kiturkana na kwa Kiswahili, na hakuna rafu ya maktaba yoyote ya chuo kikuu ambako msomaji anaweza kwenda kuuliza nani alizitunga.

2.0 Funzo la Marekani na Mipaka Yake

Tanzu chache za muziki wa kidini zimeandikiwa marejeo kwa bidii kama muziki wa Injili wa Kusini mwa Marekani. Chanzo cha bidii hiyo ni biashara. Mwaka 1910 mchapishaji James D. Vaughan wa Lawrenceburg, Tennessee, aliwatuma waimbaji wanne wa kiume wazunguke wakiimba ili vitabu vyake vya nyimbo vinunuliwe. Vitabu hivyo vilitumia noti za maumbo, yaani noti ambazo umbo la kichwa chake humwonyesha mwimbaji sauti ya kutoa hata kama hakusomea muziki. Msomaji wa Afrika Mashariki atalitambua jambo hilo mara moja, kwa kuwa sol-fa iliyoletwa na misheni ilifanya kazi iyo hiyo katika kwaya zetu: ilimwezesha mkulima na mfugaji kusoma sauti nne.

Muziki uliozaliwa na biashara hiyo umehifadhiwa vizuri. Bob Terrell aliandika habari za vikundi vya sauti nne katika *The Music Men* (1990). James R. Goff aliandika historia yake, *Close Harmony* (2002). W. K. McNeil alihariri *Encyclopedia of American Gospel Music* (2005). Mwaka 1999 lilifunguliwa jumba la makumbusho ya waimbaji hao huko Pigeon Forge, Tennessee. Mtu akitaka kujua nani aliimba besi katika kundi la Blackwood Brothers ndege yao ilipoanguka mwaka 1954, atajibiwa: ni Bill Lyles, aliyefia katika ajali hiyo, na nafasi yake ikashikwa na J. D. Sumner. Anayetaka kujua hivyo kuhusu mwimbaji wa besi wa kwaya yoyote ya Lodwar ya mwaka wowote hana pa kuanzia.

Hata hivyo, itakuwa kosa kuuchukua mfano huo mzima mzima. Jina lenyewe la utanzu huo linaficha ukuta. Kwa mazoea, "Injili ya Kusini" ni muziki wa waimbaji Wazungu. Dixie Hummingbirds, walioanza mwaka 1928 huko Greenville, South Carolina, ni watu wa Kusini kwa kuzaliwa na kwa sauti, lakini kwa kuwa ni Weusi, kitabu kinachofuata mazoea hayo huwaacha nje au huwapa kona. McNeil alipowaweka Weusi na Wazungu ndani ya jalada moja chini ya jina pana zaidi, hakuwa akipanga alfabeti tu. Alikuwa akibishana na historia ya ubaguzi. Na ukuta wa pili ni wa biashara. Kitabu kinachoanzia kwenye rekodi humwona aliyerekodiwa, na asiyerekodiwa hukiona kitabu kikipita kama basi lisilo na kituo kwake.

Funzo basi ni la namna mbili. Wamarekani wameonyesha kwamba kazi hii inawezekana. Wameonyesha pia kwamba mpaka wa kitabu cha marejeo ni hoja, na hoja hiyo isipotamkwa hufanya kazi yake kimyakimya.

3.0 Fanani Asiye na Jina

Nadharia ya fasihi simulizi ya Kiswahili haina udhuru katika jambo hili. Mulokozi (1989), katika makala yake ya *Mulika* kuhusu tanzu za fasihi simulizi, aliiona fasihi hiyo kuwa tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, fani inayotendwa, hadhira, tukio, wakati na mahali. Fanani ametajwa wa kwanza. Kabla yake, Finnegan (1970) alikwisha kuipinga dhana kwamba fasihi simulizi ya Afrika hutungwa na umma usio na uso, na Okpewho (1992) akamtengea msanii simulizi sura nzima. Nadharia hiyo hufundishwa, hunukuliwa na kutahiniwa. Lakini mwanafunzi yule yule anapokwenda kukusanya nyimbo, hurudi na maneno na tafsiri, na chini yake huandika "wimbo wa jadi". Wakati na mahali hutajwa kwa ufupi, fanani hupotea. Mambo sita yamekuwa matano, na hakuna mtahini anayeuliza la sita limekwenda wapi.

Kwa Waturkana kosa hilo ni kubwa maradufu. Mwanamume wa Kiturkana huwa na maksai wake anayempenda, humtungia nyimbo, na watu humwita kwa jina linalotokana na maksai huyo, jina linaloanza kwa *Apa*, yaani "baba wa". Katika utamaduni huo wimbo ni saini. Huimbwa mbele ya watu kwenye ngoma ya *edonga*, wengine wakapokea na kurukaruka, lakini wapokeaji hawana shaka ni wimbo wa nani. Anayeuita wimbo kama huo mali ya jamii nzima hajawasikiliza Waturkana. Ameileta dhana yake kutoka darasani, na dhana hiyo ina asili ya kikoloni, maana ndiyo iliyomfanya Mwafrika aonekane kundi na Mzungu aonekane mtu.

Ukristo ulipofika, ungetarajiwa kuendeleza desturi ya saini. Haukufanya hivyo, na sababu moja ni vitabu vyake. Fanny Crosby, mtunzi kipofu wa Marekani, anajulikana na kila kamusi ya tenzi: alizaliwa mwaka 1820, akafariki mwaka 1915. Tenzi zake huimbwa kwa Kiswahili kutoka Lamu hadi Lubumbashi. Lakini chapa nyingi za vitabu vya nyimbo vya Kiswahili hazimtaji mtu aliyezifasiri. Mtu huyo alikuwa mshairi aliyekabiliwa na tatizo gumu la kiufundi. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali lahani nyingi za Kiingereza huishia kwenye pigo zito. Mfasiri ama aupinde mkazo wa lugha yake, ama atafute neno fupi, ama auchezee mpangilio wa sentensi. Huo ni uhakiki wa arudhi uliokwisha kuandaliwa, ila hakuna aliyeufanya kwa kina, kwa kuwa hakuna jina la kuuanzia: haijulikani tenzi zipi ni za mkono mmoja na zipi ni za mikono mingi.

Pale jina linapohifadhiwa, tofauti huonekana. Wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya" ulitungwa mwaka 1966 na Bernard Kyamanywa, mchungaji wa Kilutheri wa Tanzania. Howard Olson aliufasiri kwa Kiingereza, na vitabu vya nyimbo vya Walutheri wa Marekani vinalichapa jina la Kyamanywa. Lakini lahani yake vitabu kadhaa huiita tu "ya asili ya Tanzania". Hata katika mfano huu mwema, mwenye maneno ametambuliwa na mwenye sauti ameachwa porini. Mtu anaweza kuusoma wimbo huo leo kama kazi ya mwandishi mwenye mahali na wakati. Nusu yake nyingine bado ni yatima.

4.0 Kipimo cha Eliye Springs

Turkana ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizofungwa na serikali ya kikoloni, na misheni haikupata nafasi kubwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, njaa ilipofungua mlango. Wamisionari Wakatoliki walifika Lodwar mwaka 1961, na Jimbo la Lodwar likaundwa mwaka 1978. Kanisa la Africa Inland nalo lilienea kando ya ziwa. Maana yake ni kwamba historia yote ya wimbo wa Kikristo wa Kiturkana ina umri wa binadamu mmoja. Watu waliouimba wimbo wa kwanza wakiwa vijana ni wazee leo, na baadhi yao wangali wanaweza kueleza lahani ipi ilitoka kwenye kitabu na ipi ilitoka zizini. Hakuna historia ya fasihi inayoandikika kwa urahisi kama hii, wala inayopotea kwa haraka kama hii.

Ndiyo maana Eliye Springs inafaa kuwa kipimo. Kitabu kitakachoanzia kwenye kampuni za rekodi kitawapata wengi wanaostahili: Mary Atieno, Faustin Munishi, Rose Muhando na wenzao. Hakitakuwa na sababu ya kushuka ukingoni mwa ziwa. Kitabu kitakachoanzia kwenye wimbo na mahali unapoimbwa kitalazimika kufika huko, na kikifika kitaulizwa maswali ambayo nyota wa mjini hawaulizi. Je, mwimbaji aingizwe kwa jina la ubatizo au kwa jina la maksai? Je, mwenye wimbo ni aliyeuanzisha au aliyeubadilisha maneno ukapendwa? Je, mwalimu wa kwaya asiyetunga lakini aliyefundisha vijana kwa miaka 30 ana nafasi? Haya ni maswali ya nadharia. Aliyeuliza nadharia ya kamusi iko wapi ameipata.

Kilomita zaidi ya 100 kaskazini-magharibi mwa Lodwar, Kakuma inaongeza swali la mpaka wa taifa. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa huko mwaka 1992, na miongoni mwa waliofika mwanzo walikuwamo vijana wa Kidinka kutoka Sudan, waliokuwa Ethiopia hadi mwaka 1991. Walikuja na nyimbo. Marc Nikkel, katika *Dinka Christianity* (2001), alizichunguza nyimbo za Wakristo wa Kidinka, na miongoni mwa watunzi wake yumo Mary Alueel Garang, mwanamke aliyetunga katikati ya vita na ambaye nyimbo zake zilienea kwa vinywa vya watu kabla ya kuenea kwa karatasi. Nikkel hakusema "Wadinka huimba". Alimtaja mtunzi, akaeleza hali iliyouzaa wimbo, kisha akaufasiri. Watu waliokimbia vita kwa miguu wana watunzi wenye majina katika vitabu. Vyuo vikuu vilivyokaa mahali pamoja kwa miongo mingi vimeshindwa kufanya hivyo kwa wenyeji wa nchi zao.

Kamusi ya taifa moja nayo haitatosha. Angela Chibalonza alizaliwa Kongo, akaimba kwa Kiswahili, akapendwa Kenya, na huko Kenya akafariki kwa ajali ya barabarani mwaka 2007. Munishi ni Mtanzania ambaye sehemu kubwa ya sifa yake aliipatia Kenya. Kwaya za Wakongo walioko Kakuma huimba Kiswahili ambacho Mturkana wa Lodwar anakielewa, ingawa hakisemi hivyo. Wimbo wa Injili wa Kiswahili umeivuka mipaka ambayo idara zetu bado zinaitumia kupanga kozi.

Haisemwi kwamba hakuna lililofanyika. Barz (2003) amechunguza muziki wa kwaya wa Tanzania, na Kidula (2013) wimbo wa kidini wa Walogooli, kwa kina kinachostahili heshima. Mradi wa kamusi ya wasifu wa Wakristo wa Afrika, ulioanza mwaka 1995, umekusanya maisha ya wengi, hasa viongozi wa makanisa na wainjilisti. Lakini utafiti wa kina juu ya jamii moja hauwezi kuwa ramani ya wote, na kamusi ya maaskofu haimtafuti mwanamke anayeanzisha wimbo kutoka benchi la nyuma.

5.0 Pingamizi na Majibu

Pingamizi la kwanza ni la kidini: mwimbaji wa Injili humwimbia Mungu, hivyo kumtafutia jina ni kumnyima unyenyekevu. Fasihi ya Kiswahili ilikwisha kulijibu hilo zamani. Mwana Kupona, katika utendi wake wa mwaka 1858, hakuona kwamba ucha Mungu unamkataza kujitambulisha na kuweka tarehe. Washairi wengi wa tenzi za dini walifanya hivyo hivyo, wakijitaja mwishoni na kuomba wasomaji wawaombee dua. Jina lilikuwa sehemu ya ibada. Asiyetajwa hawezi kuombewa.

Pingamizi la pili ni kwamba nyimbo za Injili ni bidhaa ya soko, hazistahili jitihada ya wasomi. Shaaban Robert hakudhani hivyo kuhusu muziki wa rekodi. Aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyerekodi Bombay mwaka 1928, na kitabu hicho leo ni nguzo ya fasihi ya wasifu. Nao mashairi ya Muyaka wa Mombasa tunayo kwa sababu Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor waliyakusanya, ndipo Hichens akayachapa mwaka 1940 na Abdulaziz akaweza kuyahakiki mwaka 1979. Mkusanyaji alitangulia, mhakiki akafuata. Anayemdharau karani asome tena orodha hiyo na aondoe jina la kwanza, aone linalobaki.

Pingamizi la tatu ni jipya: mtandao umekwisha kuhifadhi kila kitu. Mtandao umehifadhi sauti, na kwa hilo ushukuriwe. Lakini jina linaloonekana hapo mara nyingi ni la aliyeupandisha wimbo. Mtunzi, mwaka na mahali havimo, au vimo kwa kubahatisha. Ghala limejaa zaidi, na daftari bado halipo.

Pingamizi la nne ndilo zito: kumtaja mkimbizi kwaweza kumhatarisha. Hilo ni kweli, na jibu lake ni idhini. Mwimbaji aulizwe, na anayetaka jina la jukwaani au kimya apewe. Lakini kuficha jina kwa ombi la mwenyewe ni tofauti na kutoliuliza. La kwanza ni heshima, na la pili ni uvivu uliovaa vazi la heshima.

Kuna pia swali la haki, ambalo wahakiki hudhani ni la mawakili peke yao. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi ya muziki hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Kwa hiyo tarehe ya kifo katika kamusi ni tarehe ya kisheria. Wimbo ukiandikwa "wa jadi", warithi hawana cha kudai. Tasnifu ya mwanafunzi mmoja yaweza kuwanyang'anya bila yeye kujua. Ubishi kuhusu "Malaika", kati ya wanaomtaja Fadhili William na wanaomtaja Adam Salim, unaonyesha linalotokea daftari linapotafutwa wakati wimbo umekwisha kuimbwa duniani kote. Ikiwa wimbo uliopata bahati hiyo haukupata amani, sembuse wimbo wa mvuvi wa Eliye Springs.

6.0 Hitimisho

Makala haya hayaombi kamusi kubwa ya majuzuu mengi. Yanaomba kwanza kanuni nne. Kila ingizo litaje majina yote ambayo mwimbaji anayatambua, likiwamo la maksai. Kila ingizo litaje mahali na lugha kabla ya rekodi. Kila habari itaje nani aliitoa na lini. Na maneno "mtunzi hajulikani" yasiruhusiwe mpaka mkusanyaji aeleze alimuuliza nani. Kanuni hizo hazihitaji ufadhili wa ng'ambo. Zinahitaji idara kukubali kwamba maingizo 50 yaliyofanyiwa utafiti mkamilifu ni tasnifu ya uzamili, tena bora kuliko uchambuzi wa dhamira katika nyimbo 5 zisizo na wenyewe.

Wazee walioziimba nyimbo za kwanza za Kikristo za Kiturkana hawatasubiri mjadala wa mitaala uishe. Kila mmoja anapozikwa, wimbo wake hubaki ukiimbwa Jumapili inayofuata, na wahakiki huupata ukiwa tayari "wa jadi". Jadi ya namna hiyo haikurithiwa kutoka kwa mababu. Imetengenezwa na wasomi ambao hawakuuliza.